Taitresheni ya asidi na besi: mwongozo kamili, kuanzia kuchagua kiashiria hadi jibu la mwisho

Kila praktiko ya Kemia inapokaribia, wanafunzi wa Kidato cha Nne na cha Sita hapa Dar es Salaam huniletea malalamiko yale yale kuhusu taitresheni, yaani kudondoshea asidi kwenye besi hadi zimalizane, ili ujue nguvu ya mojawapo. "Nimepata nusu ya ujazo wa wenzangu." "Rangi inafifia polepole, sijui nisimame wapi." "Nimerudia mara tatu, kila mara jibu jingine." Wengi wanaamini tatizo ni mikono yao. Lakini ukiwauliza walitumia kiashiria gani (ile kemikali inayogeuka rangi kukuonyesha pa kusimama) na kwa sababu gani, wanakosa la kusema. Walichukua chupa iliyokuwa karibu.

Hatua ya kuchagua kiashiria nimeipa nafasi kubwa kuliko nyingine zote. Ukikosea hapo, hata bureti iking'aa vipi, namba utakayosoma ni ya swali jingine.

## Vifaa vya kuandaa

- Bureti ya 50 cm³, stendi na klampu yake
- Pipeti ya 25 cm³ (shule nyingine zina ya 20 cm³, tumia hiyo hiyo mwanzo hadi mwisho) na kinyonyeo cha mpira
- Flaski za koni za 250 cm³, mbili au tatu
- Bika mbili zenye alama za kuzitofautisha, na faneli ndogo
- Kitoneshi kwa ajili ya kiashiria
- Chupa ya kubinya yenye maji safi
- Kigae cheupe. Kikikosekana, karatasi nyeupe ya A4 inatosha
- Miwani ya kukinga macho na koti la maabara
- Asidi, besi na viashiria

Katika mwongozo huu asidi inakaa kwenye bureti na besi kwenye flaski, kama ilivyo kawaida katika praktiko nyingi za shule. Ukigeuza, mabadiliko ya rangi nayo yanageuka.

### Neno kuhusu maji

Usitumie maji ya kisima. Mitaa mingi ya Dar huyategemea bomba linapokauka, na mara nyingi yana chumvi na baikaboneti. Baikaboneti hula asidi. Chukua maji yenye milimoli 4 tu za baikaboneti kwa lita: 25 cm³ za maji hayo zinameza 1.00 cm³ nzima ya asidi ya 0.1 M (M ni molariti, yaani idadi ya moli kwa lita). Kosa la ukubwa huo linatosha kukuharibia swali zima.

Tumia maji yaliyotoneshwa. Shule nyingi hununua maji ya betri badala yake, na yanafaa, ila kuwa mwangalifu sana. Kwenye vituo vya mafuta na maduka ya vipuri kuna chupa mbili ambazo watu huziita kwa jina hilo moja: ya kwanza ni maji yaliyoondolewa madini, ya pili ni asidi ya sulfuriki ya kujazia betri mpya. Soma lebo. Kisha mimina kidogo kwenye bika na utie tone moja la methili oranji. Maji yanatoa njano. Ukiona nyekundu, umeshika asidi. Iweke mbali na usiiguse kwa mikono mitupu.

## Hatua ya 1: Chagua kiashiria kwa kuangalia chumvi itakayobaki

Kiashiria nacho ni asidi dhaifu au besi dhaifu. Kikiwa na protoni kina rangi moja, kikiipoteza kina rangi nyingine. Hakina uwezo wa kujua kama asidi na besi zimelingana. Kinaitikia pH ya myeyusho uliomo ndani ya flaski, basi.

Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: asidi na besi zikishamalizana kabisa, pH itakuwa ngapi? Jibu linatoka kwenye chumvi iliyobaki. Ukishaijua pH hiyo, tafuta kiashiria kinachogeuka rangi jirani nayo.

Hivi ndivyo viashiria utakavyokutana navyo:

- Methili oranji, ile chupa iliyoandikwa MO: hugeuka kati ya pH 3.1 na 4.4. Nyekundu kwenye asidi, njano kwenye besi, chungwa katikati.
- Methili redi: pH 4.4 hadi 6.2. Nyekundu kwenye asidi, njano kwenye besi.
- Bromothimoli bluu: pH 6.0 hadi 7.6. Njano kwenye asidi, bluu kwenye besi.
- Fenolifthalini, iliyoandikwa POP: pH 8.3 hadi 10.0. Haina rangi kwenye asidi, waridi kwenye besi.

Litimasi iache. Inabadilika polepole kwenye eneo pana, takriban pH 5 hadi 8, nawe unahitaji kiashiria kinachogeuka ghafla. Juisi ya rosela nayo ni hivyo hivyo. Ni nzuri kumwonyesha mtoto kwamba ndimu ni asidi na maji ya sabuni ni besi, na ningependa kila shule ya msingi iitumie, lakini rangi yake hubadilika kidogo kidogo na haikuonyeshi tone la kusimamia.

### Asidi kali na besi kali

Mfano ni asidi ya haidrokloriki na sodiamu haidroksaidi. Chumvi inayobaki ni sodiamu kloraidi, ambayo haisogezi pH. Kikomo, yaani pale asidi na besi zinapolingana, kiko pH 7.

Ukiangalia viashiria vilivyo juu, MO na POP vyote viko mbali na 7. Mbona vyote viwili vinakubalika? Kwa sababu ya mruko. Ukiwa na 25 cm³ za asidi ya 0.1 M, unaidondoshea besi ya 0.1 M, tone moja kabla ya kulingana pH iko karibu 4; tone moja baada ya kulingana iko karibu 10. Matone mawili tu yanakuvusha eneo lote hilo. Kiashiria chochote kinachogeuka humo kitakupa jibu lile lile, tofauti ikiwa tone moja hivi.

### Asidi dhaifu na besi kali

Hapa kuna asidi ya ethanoiki, yaani siki, na asidi ya oksaliki. Chumvi inayobaki ina tabia ya besi. Kwa siki na sodiamu haidroksaidi za 0.1 M, kikomo kiko karibu pH 8.7. Tumia POP.

Ukitumia MO utapotea. Asidi ya ethanoiki inafika pH 4.4 ikiwa imemalizwa kwa asilimia 30 tu. Chukua siki nyeupe ya dukani iliyoandikwa asilimia 5, ipunguze mara kumi kwa maji, upime 25 cm³. Inahitaji takriban 21 cm³ za sodiamu haidroksaidi ya 0.1 M, ambayo safari hii ndiyo iko kwenye bureti. MO itakuwa imekuwa njano kabisa kwenye 6 cm³ hivi, na itafika huko kwa kujivuta. Hili ni zoezi zuri la kufanya na kikundi chako: siki moja, viashiria viwili, linganisheni namba.

### Asidi kali na besi dhaifu

Amonia ndiyo mfano wa kila siku. Chumvi yake na asidi ya haidrokloriki ina tabia ya asidi, na kwa mimyeyusho ya 0.1 M kikomo kiko karibu pH 5.3. Methili redi ndiyo inayokaa vizuri zaidi, na MO inatosha kabisa.

POP kwenye amonia ndiyo chanzo cha lile lalamiko la rangi kufifia polepole. Waridi inaanza kupungua asidi ikiwa bado kidogo na inaisha amonia ikiwa imekwisha kwa asilimia 90 hivi. Hakuna mahali pa kusimama, hata ukitazama kwa makini kiasi gani.

### Asidi dhaifu na besi dhaifu

Usifanye kwa kiashiria. Hakuna mruko wa pH, kwa hiyo hakuna kiashiria kitakachogeuka ghafla.

### Kaboneti: hapa ndipo wengi wanapoangukia

Sodiamu kaboneti inaipokea asidi kwa awamu mbili. Kwanza inageuka kuwa baikaboneti, na awamu hiyo inaisha karibu pH 8.3. Kisha baikaboneti inageuka kuwa maji na gesi ya kaboni dayoksaidi, na awamu hii inaisha karibu pH 4.

POP inapoteza rangi mwishoni mwa awamu ya kwanza. MO inasubiri hadi mwisho wa awamu ya pili.

Weka namba uone. Una 25 cm³ za sodiamu kaboneti ya 0.05 M, na asidi ya haidrokloriki ya 0.1 M kwenye bureti. Ukitumia MO utasoma 25.00 cm³. Ukitumia POP utasoma 12.50 cm³. Hiyo ndiyo nusu ya ujazo wanayoilalamikia. Mikono yako ilikuwa sawa. POP ilikuambia kwamba awamu ya kwanza imekwisha, nawe ukaandika kwamba kazi yote imekwisha.

Kidato cha Sita hutumia tabia hiyo kwa faida. Flaski ikiwa na sodiamu haidroksaidi na kaboneti pamoja, anza na POP hadi waridi itoweke, andika ujazo, kisha tia MO humo humo na uendelee. Tuseme POP ilichukua 18.00 cm³, na MO ikaongeza 6.00 cm³. Zile 6.00 ni za awamu ya pili ya kaboneti, hivyo awamu yake ya kwanza nayo ilichukua 6.00. Sodiamu haidroksaidi ilitumia zilizobaki, 12.00 cm³.

## Hatua ya 2: Andaa mimyeyusho

Kama mimyeyusho umepewa tayari, ruka hadi hatua ya 3.

Myeyusho wa kulinganishia, yaani ule ambao molariti yake unaijua kwa uhakika, utengeneze kwa sodiamu kaboneti kavu. Kwa 250 cm³ za 0.05 M pima gramu 1.325, yeyusha kwenye bika kwa maji kidogo, hamishia kwenye flaski ya ujazo pamoja na maji ya kusuuzia bika, kisha jaza hadi alama. Funga, pindua mara kadhaa.

Usiiamini sodiamu haidroksaidi kwa kuipima kwenye mizani peke yake. Kwa unyevu wa hewa ya Dar, punje zake zinaanza kung'aa na kunata ukiwa bado unazipima, kwa sababu zinanyonya maji. Zinanyonya pia kaboni dayoksaidi na kutengeneza kaboneti juu yake. Gramu unayosoma si ya sodiamu haidroksaidi tupu. Tengeneza myeyusho wa makadirio, halafu utafute molariti yake halisi kwa taitresheni dhidi ya asidi inayojulikana.

Asidi ya haidrokloriki iliyokolea ya asilimia 37 ina karibu 12 M. Kwa lita moja ya 0.1 M unahitaji takriban 8.5 cm³. Tia asidi kwenye maji, kamwe usitie maji kwenye asidi. Joto linalotoka linaweza kuirusha asidi hadi usoni. Fanya kazi hiyo karibu na dirisha lililo wazi.

## Hatua ya 3: Suuza kila chombo kwa kinachokihusu

Bureti: suuza kwa maji, kisha mara mbili kwa asidi utakayoijaza, ukiipitisha na kwenye koki. Matone ya maji yakibaki ndani yanaipunguza asidi nguvu, na ujazo utakaosoma utazidi.

Pipeti: maji, kisha mara mbili kwa besi. Sababu ni ile ile.

Flaski ya koni: maji tu. Wanafunzi makini ndio wanaoteleza hapa, kwa kuwa wanataka kusuuza kila kitu kwa myeyusho wake. Mabaki ya besi kwenye kuta za flaski ni moli za ziada ambazo pipeti haikuzipima. Maji yakibaki humo hayana madhara, maana hayabadilishi idadi ya moli za besi.

## Hatua ya 4: Jaza bureti

Jaza kwa faneli hadi juu kidogo ya sifuri, kisha ondoa faneli. Ukiiacha, tone lake litadondoka katikati ya kazi na kukuharibia usomaji.

Fungua koki kwa nguvu sekunde moja ili hewa iliyo kwenye ncha itoke. Povu likibaki pale, baadaye litatoka na nafasi yake itajazwa na asidi, nawe utaihesabu kama imeingia kwenye flaski.

Soma sehemu ya chini ya mbonyeo wa myeyusho, jicho likiwa sawa nao. Bureti ikiwa juu, ishushe kwenye klampu. Usipande juu ya kiti. Andika desimali mbili, mfano 0.00 au 0.35. Si lazima uanze na sifuri.

## Hatua ya 5: Pima besi kwa pipeti

Tumia kinyonyeo. Najua shule nyingi bado wananyonya kwa mdomo. Sodiamu haidroksaidi inaunguza koo, na huwezi kujua chombo hicho kilishika nini jana. Kama kinyonyeo hakipo, dai kipatikane.

Vuta juu ya alama, shusha taratibu hadi mbonyeo uguse alama, kisha achia kwenye flaski. Mwishoni gusisha ncha kwenye ukuta wa flaski, hesabu hadi tatu, ondoa. Usipulize tone linalobaki. Pipeti imetengenezwa tone hilo likiwa limeshahesabiwa kuwa litabaki.

Tia matone mawili au matatu ya kiashiria. Yasizidi, kwa sababu kiashiria chenyewe kinakula asidi au besi, na rangi nzito huficha mgeuko. Kuhusu joto la maabara zetu, ondoa wasiwasi: mimyeyusho yote miwili inatanuka karibu sawa.

## Hatua ya 6: Pailoti

Mzunguko wa kwanza ni wa kukujulisha kikomo kiko maeneo gani. Achia asidi bila kuogopa, ukizungusha flaski, hadi rangi igeuke. Tuseme imegeuka kwenye 24.60. Sasa unajua kwamba mizunguko inayofuata unaweza kwenda kasi hadi 23, kisha upunguze.

Pailoti iandike kwenye jedwali, lakini usiitie kwenye wastani.

## Hatua ya 7: Mizunguko ya kweli

Mkono wa kushoto kwenye koki, wa kulia unazungusha flaski juu ya karatasi nyeupe. Mtumia mkono wa kushoto anaweza kubadilisha.

Tazama pale tone linapoangukia. Kwa MO, mwanzoni asidi inapoingia kwenye myeyusho wa njano inaacha alama ndogo nyekundu inayopotea papo hapo. Kadiri unavyosogea, alama hiyo inachelewa kuondoka. Unazungusha flaski mara moja, mara mbili, ndipo inakwisha. Hapo funga koki, uanze tone moja moja. Kisha nusu tone: fungua kidogo sana hadi tone lining'inie, liguse kwa ukuta wa flaski, ulisukume chini kwa maji ya chupa ya kubinya.

Simama kwenye chungwa. Nyekundu maana yake umeshapita.

Chungwa likikusumbua, andaa flaski mbili za kulinganishia: 50 cm³ za maji na matone mawili ya MO, hiyo ni njano, nyingine kama hiyo ukiongeza asidi kidogo iwe nyekundu. Ziweke kando ya flaski yako. Wasioona vizuri tofauti ya nyekundu na rangi zilizo jirani nayo, na wako zaidi miongoni mwa wavulana, wamwambie mwalimu mapema. Kwa asidi kali na besi kali wanaweza kutumia bromothimoli bluu.

Kwa POP, asidi ikiwa kwenye bureti, simama tone lile lililoifuta waridi. Besi ikiwa kwenye bureti, tafuta waridi hafifu mno inayodumu nusu dakika. Baadaye itafifia yenyewe kwa kaboni dayoksaidi ya hewani. Usiongeze besi kuifukuza.

Utajua umefaulu mizunguko mitatu ikipishana kwa 0.20 cm³ au pungufu. Ikizidi hapo, fanya wa nne.

## Hatua ya 8: Jedwali na hesabu

Tuseme umepata 24.10, 24.20 na 24.10. Wastani ni 24.13 cm³. Andika sentensi kamili: 25.00 cm³ za besi zilihitaji 24.13 cm³ za asidi kumalizana kabisa, kwa kutumia MO, rangi ikitoka njano kwenda chungwa.

Kwa sodiamu kaboneti ya 0.05 M, mlinganyo ni:

Na₂CO₃ + 2HCl → 2NaCl + H₂O + CO₂

Moli moja ya kaboneti inataka moli mbili za asidi. Kwa hiyo:

Molariti ya asidi = (2 × 0.05 × 25.00) ÷ 24.13 = 0.1036 M

Ukizidisha kwa 36.5 unapata gramu 3.78 kwa lita. Angalia uwiano wa 2 kwa 1 uko upande gani. Ukiupindua utapata 0.0259 M, robo ya jibu sahihi, na mtihani hautakuonya.

## Majibu yakigoma

- Ujazo ni nusu ya uliotarajiwa: POP kwenye kaboneti. Rudi hatua ya 1.
- Kila mzunguko ujazo unapungua au kuongezeka kwa mpangilio: myeyusho haukuchanganywa vizuri kabla ya kuanza, au maji yalibaki kwenye bureti au pipeti.
- Mzunguko mmoja umezidi ghafla: povu la ncha, au umepita kikomo.
- Namba zinakaribiana sana lakini zote si sahihi: shuku maji, au sodiamu haidroksaidi iliyokaa wazi.

## Kabla ya kutoka maabara

Osha bureti siku hiyo hiyo, hasa ikiwa ilishika sodiamu haidroksaidi, kwa sababu hiyo inakula kioo taratibu na koki ya kioo inaganda isizunguke tena. Suuza kwa maji mengi, ifunge kwenye stendi kichwa chini, koki ikiwa wazi.